Bonge la Chumvi Katika Kaunti ya Sabini na Nne

Waliosoma nilipoishia wiki jana wamenitumia matusi ya kujaza gunia. Sibishani nao. Kwa ambaye hakuwepo, nitasema kwa ufupi, maana aibu yangu haina haja ya kufumbwa mafumbo.

Mimi ni Delmar Kolar, mpigapicha wa gazeti la mji mdogo, gazeti ambalo lilishakufa. Lilipofungwa, bwana mmoja aitwaye Ostrander akanipigia simu. Alikuwa meneja wa kampeni ya mgombea mmoja wa Uanasheria Mkuu wa jimbo letu la Nebraska. Kazi aliyonipa ilikuwa moja tu: kumfuata mpinzani wao kokote aendako, kamera mkononi, mpaka ulimi umteleze.

Mpinzani mwenyewe ni Marlys Teply. Mama huyo aliapa kufika kaunti zote tisini na tatu za jimbo, hata zile zenye ng'ombe wengi kuliko wapigakura. Nami nikamganda kama kupe.

Niseme kweli, kazi hiyo ningeifanya hata bure. Marlys Teply ndiye mwendesha mashtaka aliyempeleka mdogo wangu Gaylen jela. Gaylen alikuwa amelewa, akamgonga mzee mmoja kwa pikapu, mzee akafa. Akapewa miaka minane, akakaa ndani sita. Mama yetu alizikwa Gaylen akiwa huko huko. Tangu siku hiyo nilimweka yule mwanamke moyoni, na si kwa mapenzi.

Katika kaunti ya sitini na nane nikampata. Maneno yake kamili yalikuwa haya: "Huko makao makuu wapo wanaosema wakulima wa bonde la mto ni wezi wa maji. Nikichaguliwa, wenye maneno hayo waje wanikabili mimi mahakamani."

Nikakata mwanzo. Nikakata mwisho. Nikabakiza maneno tisa ya katikati: "Wakulima wa bonde la mto ni wezi wa maji."

Ostrander akayatupa mitandaoni. Siku mbili hazikupita, jimbo zima likawa limeyasikia.

Sasa tuendelee.

Kaunti ya sabini na nne ni Sorrel, katikati kabisa ya bonde la mto. Pale maji hayafanyiwi mzaha. Jimbo jirani ambako mto unateremkia limekuwa likitushtaki miaka nenda rudi kwamba tunakunywa yao, na kila mkulima wa Sorrel ana mtambo wa kumwagilia anaoupenda kuliko shemeji zake.

Nilifika kwenye ukumbi wa mnada wa ng'ombe saa tano asubuhi, kabla ya Mama Teply. Ndani mna mkahawa mdogo. Sikuwa nimeketi vizuri, jitu moja lenye tumbo na kofia ya kampuni ya mbegu likanisimamia.

"Ndiwe mwenye kamera?"

"Ndimi."

"Hebu simama nikuone."

Nikasimama. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Jamani! Huyu ndiye aliyemfumania yule mama!"

Watu wakapiga meza kwa viganja. Mhudumu akaniletea bakuli la chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, na kabla sijamaliza akaja na kipande cha pai ya cheri. Nilipoingiza mkono mfukoni, lile jitu likanishika kiwiko.

"Hapa hulipi. Mimi Burdell Stang. Nusu ya mahindi uliyoyaona njiani ni yangu, na kamati ya mgombea wetu hapa Sorrel ni yangu pia. Niambie, anakuja kweli?"

"Anakuja. Hajaruka kaunti hata moja."

"Basi leo atatamani angeruka."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Nitadanganya nini? Nilijisikia mtu. Miezi mitano nilikuwa nafukuzwa kwenye kumbi kama mbwa mwizi wa soseji, leo nalishwa pai.

Nikachukua kipande changu cha pai kwenye karatasi, nikatoka nyuma kutafuta mahali pazuri pa kusimamisha kamera. Huko kwenye mazizi nikamkuta mtu anasukuma toroli la chumvi ya ng'ombe, yale mabonge makubwa wanayowekewa walambe. Aliponiona akaliweka chini.

Gaylen.

Alikuwa ameachiwa kwa masharti tangu Aprili. Nilijua anafanya kazi pale. Ilikuwa Oktoba, na sikuwa nimekwenda kumwona hata mara moja.

"Umekuja kuniona, kaka?"

"Nimekuja kazini."

"Ndivyo nilivyodhani." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Ile video ni yako?"

"Ni yangu. Umeiona? Nimekulipizia, Gaylen."

"Mimi nilikutuma?"

Nikaitazama pai mkononi.

"Isitoshe," akasema, "yule mama hakusema vile."

"Umejuaje? Ulikuwepo?"

"Nilimsikiliza siku tatu mahakamani. Yule hana sentensi fupi."

Akanyanyua toroli lake akaenda zake. Hakuniuliza habari yangu, nami sikumuuliza yake. Ndugu wawili wa tumbo moja, kama watu waliogongana dukani.

Marlys Teply aliingia saa sita kamili, peke yake, buti zina vumbi na sauti imemkauka kwa kaunti sabini na tatu. Kule kwetu ni desturi: mgombea akija mnadani, mnadi husimamisha mnada dakika kumi ampe kipaza sauti. Anasimama palepale ng'ombe wanapozungushwa, juu ya unga wa mbao, na watu wanamwangalia kutoka juu, safu kwa safu.

Hajafungua mdomo, mtu akapiga kelele.

"Mnadi! Huyu anauzwa kwa kilo?"

"Kwa kichwa!" mwingine akajibu. "Lakini kichwa chenyewe kitupu!"

Ukumbi ukalipuka. Mama Teply akangoja wamalize.

"Mkininunua kwa kilo mtapata hasara," akasema. "Nimekonda tangu Juni. Naitwa Marlys Teply, nagombea..."

"Tunakujua! Mwizi wa maji wewe!"

"Rudi kwenu!"

"Kwetu ni maili sitini kutoka hapa, bwana. Baba yangu ameuza ndama kwenye ukumbi huu miaka thelathini."

"Baba yako angekuona angezimia!"

Mabibi wawili wazee wa mstari wa mbele walinyanyua ndoo tupu wakazigonga kwa vijiko. Kelele ikawa ya harusi ya wendawazimu. Mimi nipo pembeni, narekodi, kamera haitikisiki. Nilikuwa na furaha chafu, ile inayopanda kooni kama kiungulia.

Akanyanyua mkono.

"Ile video imekatwa," akasema. "Aliyeikata yuko humu ndani na nyinyi. Yule pale, shati la bluu, ana pai mkononi."

Watu mia mbili wakanigeukia.

"Bwana Kolar, tumefuatana tangu Juni. Leo nakuomba jambo moja. Kanda nzima unayo?"

Ilikuwa mle mle kwenye kamera, kwenye memori kadi ndogo kama ukucha. Sijawahi kufuta kitu tangu niwe mpigapicha. Ni ugonjwa wetu.

"Nimefuta," nikasema.

"Umefuta?"

"Nimefuta. Nafasi ilijaa."

Ukumbi ukacheka mpaka mabati yakaitikia. Burdell Stang alikuwa amesimama karibu na lango la kupitishia ng'ombe, akanipungia kofia.

Mama Teply hakucheka wala hakununa. Alinitazama kama daktari anavyotazama kidonda ambacho amekiona siku nyingi.

"Basi," akasema, "nitawaambia mwenyewe nilichosema, neno kwa neno, halafu..."

Halafu haikufika.

Kwenye kioo cha kamera niliuona mkono ukirudi nyuma, nikauona ukija mbele, nikaiona sura ya mwenye mkono. Burdell Stang. Alichukua kipande cha chumvi kutoka kwenye toroli lililokuwa pembeni yake, kipande kikubwa kama ngumi, kigumu kama jiwe, akakirusha kama mtu anayefukuza kunguru.

Kilimpata Mama Teply juu ya jicho. Akapiga goti kwenye unga wa mbao. Damu ikaja haraka, ikamfunika nusu ya uso.

Nyuma ya Stang, hatua mbili tu, mikono bado iko kwenye mpini wa toroli, alikuwa amesimama mdogo wangu Gaylen.

Kelele zilikatika mara moja. Wale mabibi waliweka ndoo zao chini taratibu, kana kwamba si wao.

Sherifu wa kaunti ndiye aliyekuwa mlangoni. Royce Haddix, mtu mrefu, mpole wa sauti, na picha zake zimebandikwa kwenye kila nguzo ya mji kwa sababu naye alikuwa anagombea tena Novemba ile ile. Akateremka mpaka katikati ya ulingo, akampa mama kitambaa chake, kisha akatazama juu.

"Nani karusha?"

Watu mia mbili wakachunguza buti zao.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani karusha?" Akanigeukia mimi. "Wewe wa kamera. Umempata?"

Stang alinikonyeza. Si kwa vitisho, hapana. Alinikonyeza kama rafiki aliyekununulia chakula.

"Nimefuta," nikasema.

Mnaona? Sikuulizwa kama nimefuta. Niliulizwa kama nimempata. Ulimi wangu ulishazoea.

Nikatoka nje, nikampigia Ostrander.

"Wamempiga," nikasema. "Anavuja damu."

"Damu inaonekana?"

"Inaonekana."

"Basi kata kabla ya damu. Bakiza ndoo na makelele. Aliyerusha ni mtu wetu?"

"Ni mwenyekiti wako wa kaunti."

"Hujaona kitu, Delmar. Niletee hiyo kadi mwenyewe, mkononi. Usitume chochote."

Sijakata simu, Stang akatokea, kofia imeinuliwa nyuma ya kichwa, uso unang'aa kama aliyerudi kanisani.

"Mambo yamekwisha. Wamemkamata."

"Wamemkamata nani?"

"Yule mfungwa. Yule mfagia mazizi. Toroli lake, chumvi yake, na yule mama ndiye aliyemfunga zamani. Nani atauliza zaidi? Ana miaka miwili ya kifungo imebaki, atakwenda kuimalizia." Akanipiga bega. "Jina lake nani vile? Kolar." Mkono ukabaki pale pale begani. "Kolar? Na wewe si Kolar?"

"Ni mdogo wangu."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri; ilimchukua muda.

"Pole," akasema. "Lakini wewe ulisema umefuta. Tumesikia wote."

Ofisi ya sherifu iko mtaa wa pili. Nilikwenda kwa miguu, na nilikuwa nakimbia bila kujua nakimbia.

Mlangoni kulikuwa na picha ya Haddix mwenyewe akitabasamu. Ndani alikuwa Haddix mwenyewe hatabasamu. Kwa nyuma kulikuwa na chumba cha mahabusu chenye nondo. Gaylen alikuwa ameketi kwenye benchi, kichwa kati ya viganja. Hakunyanyua uso.

"Sherifu, nilidanganya," nikasema. "Sikufuta. Si mdogo wangu aliyerusha. Tazama."

Nikamwekea kamera mezani. Akavaa miwani, akabonyeza kitufe alichoona, na kumbe alibonyeza kanda ya zamani. Sauti ya Marlys Teply ikajaa chumba: huko makao makuu wapo wanaosema, wakulima wa bonde la mto, waje wanikabili mimi mahakamani. Yote. Mwanzo, katikati na mwisho.

Haddix akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe hivyo," akasema.

Kwenye mahabusu, Gaylen alikuwa amenyanyua uso.

Nikambonyezea kanda ya pili. Mkono ukarudi nyuma, ukaja mbele. Stang. Akairudisha. Akaitazama tena. Nilisikia pumzi zake puani.

Kisha akafungua kamera kwa ukucha, akatoa ile kadi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Sasa unamtoa?" nikauliza.

"Namtoa nani?"

"Gaylen!"

"Kwa ushahidi gani, bwana Kolar?"

Nilidhani anatania. "Kwa hiyo kadi uliyotia mfukoni!"

"Kadi gani? Umesema mara mbili, mbele ya watu mia mbili, kwamba umefuta." Alivua miwani, akaikunja. "Mimi nakuamini."

"Sherifu..."

"Burdell Stang amewaajiri watu hamsini na wanne wa kaunti hii. Uchaguzi ni baada ya wiki tatu. Mdogo wako aliua mtu barabarani, na hakuna atakayempigia kura wala kumlilia. Nenda nyumbani."

"Kaka," Gaylen akaita kutoka ndani, polepole. "Yale maneno uliyakata wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

Nilitoka.

Nje, Marlys Teply alikuwa anavuka barabara kutoka kwa daktari. Jicho moja limefungwa, nyuzi tano juu ya nyusi, koti na glavu zina damu iliyokauka. Alikuja kusaini maelezo aliyompa sherifu kwa mdomo. Aliponiona akanipisha njia kama unavyopisha mbwa usiyemjua.

"Mama Teply, nipe dakika moja."

"Nimekupa miezi mitano."

"Si Gaylen aliyekurushia."

"Tabia yako naijua. Sasa unataka nini, picha ya jicho?"

"Ni Stang. Nimeirekodi. Sikufuta, nilidanganya. Na maneno yako ya kule kaunti ya sitini na nane yamo pia, yote. Kadi iko mfukoni mwa sherifu, mfuko wa kushoto, na anasema hakuna kadi. Mama, nakuomba. Nichukie mimi. Gaylen hana kosa."

Alinitazama kwa jicho moja. Lori la mahindi lilipita, likatumwagia makapi, wala hakujipangusa.

"Gaylen Kolar alikiri siku ya tatu ya kesi," akasema. "Ulijua?"

"Sikujua. Sikuwa mahakamani."

"Hukuwa. Alisimama akasema, nilimuua, mnipe mnachonipa. Katika kazi yangu nimeyasikia hayo mara mbili tu." Akanipita. "Ingia. Usiseme kitu mpaka niulize."

Haddix alisimama alipomwona, akamvutia kiti, akamwekea karatasi na kalamu.

"Pole sana, mama. Saini hapo chini upumzike."

Aliisoma. Aliisoma kama wanasheria wasomavyo, kidole chini ya mstari. Kidole kikasimama.

"Hapa umeandika nilimwona Gaylen Kolar akirusha."

"Ndivyo ulivyosema."

"Nilisema nilimwona Gaylen Kolar amesimama langoni, na kwamba sikuona aliyerusha kwa sababu mwanga ulikuwa machoni. Hii ni nusu ya nilichosema." Akanigeukia mimi, na nikatamani sakafu inimeze. "Wanaume wa jimbo hili mna nini na maneno yangu? Kila mmoja ana mkasi?"

"Mama, umepigwa kichwani," Haddix akasema kwa upole. "Huenda umesahau."

"Nimepigwa juu ya jicho, sherifu, si kwenye kumbukumbu. Sisaini."

"Fikiri vizuri. Kesho redio zitasema mgombea Uanasheria Mkuu amemwogopa mfungwa mmoja."

"Zimeshasema mengi."

Haddix akashusha pumzi, akazunguka meza. Nilidhani anakwenda kumfungulia Gaylen. Alikuja kwangu.

"Delmar Kolar, geuka. Mikono nyuma."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Kuharibu ushahidi wa shambulio. Nina mashahidi mia mbili."

Pingu zikalia. Zilikuwa za baridi.

"Iko mfukoni mwake!" nikapiga kelele. "Mama, iko hapo, kwenye shati! Ananifunga kwa kufuta kitu alichonacho yeye!"

Haddix akamtazama Mama Teply, mpole kama mchungaji wa kanisa.

"Mama, wewe umefanya kazi na waongo maisha yako yote. Huyu unamwamini?"

"Simwamini hata akiniambia mvua inanyesha na mimi nimelowa," akasema. "Fungua mfuko."

Hakuna aliyesogea. Kwenye mahabusu Gaylen alikuwa amesimama, mikono kwenye nondo.

"Mfuko, sherifu. Au nikakae pale nje kwenye ngazi nimwambie kila anayepita kwamba ulikataa kuufungua."

Haddix akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona njia nyingine. Akafungua kifungo. Akatoa ile kadi, akaiweka juu ya meza, mbele ya mama kabisa, katikati ya karatasi aliyokataa kusaini.

"Hiyo hapo," akasema. "Chukua."

Mama Teply hakuigusa.

"Mbona unasita? Maneno yako yote yamo, nimeyasikia mwenyewe. Saa moja ijayo jimbo zima litajua ulisingiziwa, na utashinda. Chukua." Akaketi, akakunja mikono. "Ila wewe ni mwanasheria, huhitaji nikufundishe. Ikitoka hapa mkononi mwako, wewe uliyepigwa, wewe mgombea, jaji gani ataipokea? Wakili wa Stang atasema umeichezea. Itakuokoa wewe. Haitamwokoa yule aliye ndani."

"Na nikiiacha?"

"Ukiiacha, ofisi hii ina mambo mengi. Vitu vidogo hupotea."

Nikavuta mikono, pingu zikanibana zaidi.

Ndipo Gaylen akasema. Hakupaza sauti.

"Mama Teply. Ile mara ya kwanza ulinifunga kwa haki. Sijawahi kukulaumu, uliza yeyote niliyekaa naye. Lakini leo sikufanya kitu."

"Najua," akasema Mama Teply, bila kugeuka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Saa kumi alikuwa anangojwa kwenye kaunti ya sabini na tano.

Aliitazama ile kadi. Akavua glavu ya mkono wa kulia, kidole kwa kidole, akaunyosha mkono kuelekea kadi. Nitaishia hapo mpaka wiki ijayo.